Mikono ya Mama, Mikono ya Binti

Keti kidogo usome maneno haya. Kama macho yako hayaoni vizuri, mwite mtoto wa shule akusomee. Habari hizi zinawahusu watu wa nyumba nyingi.

Fikiri mama mmoja wa hapa Nyangwe. Zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka. Kabla jua halijatoka mchi wake ulikwisha kusikika katika kinu. Siku ya soko alishuka mtoni Lualaba na kikapu cha mchele kichwani, akauza, akarudi nyumbani na samaki. Sasa mchi umenyamaza. Akiamka asubuhi, vidole vyake ni vigumu kama vijiti vikavu. Hawezi kufunga kitambaa chake, wala kushika kikombe. Hukaa mlangoni akingoja jua lipande, na viungo vilegee kidogo.

Mama huyu ana binti. Wazee wa upande wa kijana walikuja kumposa. Waliketi, wakala wali na sombe, wakazungumza vizuri. Kisha mmoja wao akaitazama mikono ya mama. Vidole vimejipinda, vifundo vimevimba. Yule mzee akanyamaza. Walipoondoka walisema, "Tutarudi." Hawakurudi.

Mama huyu ni mfano tu, msimtafute kijijini. Walakini pengine wewe unamjua mwenziwe.

Kuna maneno mawili yanayosemwa juu ya mama wa namna hii. Wengine husema, "Amerogwa," au hata, "Yeye mwenyewe ni mlozi, na sasa ulozi umemrudia." Wengine husema, "Ni ugonjwa wa damu ya ukoo. Binti naye atakuwa vile vile. Msimwoe." Neno la kwanza ni uwongo mtupu. Neno la pili lina kweli kidogo ndani yake, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi, maana kweli ndogo ikichanganywa na woga huharibu nyumba ya mtu. Basi, na tuichambue kweli hiyo kama mtu achambuavyo mchele, tutupe mawe, tubaki na chakula.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kwa Kiswahili huitwa baridi yabisi. Jina hilo huwadanganya wengi. Wao hudhani kwamba baridi ya usiku au maji ya mto ndiyo huleta ugonjwa. Sivyo. Baridi yaweza kuongeza maumivu, lakini haianzishi ugonjwa.

Tazama mguu wa kuku unapokula. Mwisho wa mfupa, mahali unapokutana na mfupa mwingine, pana kitu cheupe, laini, kinachoteleza. Hicho ni gegedu. Wewe pia unacho katika kila kiungo. Kuzunguka kiungo pana ngozi nyembamba ya ndani inayotoa maji kidogo ya kulainisha, kama mtu atiavyo mawese katika bawaba ya mlango.

Tena, katika damu yako mna askari wadogo sana wasioonekana kwa macho. Kazi yao ni kulinda mwili. Kijidudu kikiingia, wao hukitambua kuwa ni mgeni, hukishambulia na kukiua. Wakifanya kazi vizuri, unapona. Lakini kwa watu wengine askari hao hukosea. Wanaingia katika kiungo, wanamwona mwenyeji, wanasema, "Huyu ni adui." Wanaanza kupigana na mwili wao wenyewe. Ngozi ya ndani ya kiungo inavimba, inanenepa, inakula gegedu, halafu inakula mfupa. Hiyo ndiyo baridi yabisi.

Utaitambuaje? Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya vidole na viganja vya mikono, au vya miguu. Hushika pande zote mbili, kuume na kushoto. Viungo huvimba, na ukivibonyeza vinauma. Asubuhi viungo hukakamaa, na ugumu huo hukaa saa moja au zaidi. Mambo hayo huendelea wiki sita na kupita. Mgonjwa huchoka, hukonda, hukosa nguvu. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, mara mbili au tatu zaidi.

Lakini si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi. Mzee ambaye goti lake linauma akitoka shambani, na kupata nafuu akipumzika, yamkini kiungo chake kimechakaa kwa miaka. Mtu ambaye kidole gumba cha mguu kinawaka usiku kwa ghafula pengine ana jongo. Mtoto aliyeumwa koo, kisha akapata homa, na goti likavimba, halafu kiwiko, mpeleke upesi, maana ugonjwa wake waweza kuharibu moyo. Tena mtu wa umri wo wote ambaye kiungo kimoja kimevimba, ni cha moto, na ana homa kali, mpeleke siku ile ile. Pengine kuna usaha ndani.

KWA NINI HUYU AUMWE NA YULE ASIUMWE?

Hapo ndipo swali la urithi linapoingia. Utashangaa, lakini waliotufundisha zaidi neno hili ni panya.

Ndiyo, panya. Wewe humwua kwa kuwa anakula mchele wako ghalani. Wataalamu humfuga, humlisha, humwandika katika daftari. Mwaka wa 1956 mtaalamu mmoja wa Marekani, Carl Pearson, aliwachoma panya sindano yenye mafuta yaliyochanganywa na vijidudu vya kifua kikuu vilivyokufa. Baada ya wiki mbili hivi miguu ya panya ikavimba. Mwaka wa 1977 David Trentham na wenzake walitumia kitu kingine. Walichukua kolajeni, ile nyuzi inayotia gegedu nguvu, wakawachoma panya. Askari wa mwili wa panya waliizoea kolajeni ile kuwa ni adui, halafu wakaishambulia kolajeni ya miguu yao wenyewe. Mwaka wa 1980 jambo hilo likaonekana pia katika panya wale wadogo weupe na wa kahawia wanaofugwa sana katika maabara.

Sasa sikiliza vizuri. Katika maabara panya hutunzwa kwa koo. Kila ukoo huzaliana wenyewe kwa wenyewe, kizazi baada ya kizazi, hata wote wanafanana kama pacha. Basi wataalamu waliwapa panya wa koo mbalimbali sindano ile ile, siku ile ile, kwa kipimo kile kile. Panya wa ukoo uitwao DBA/1, wengi wao walivimba miguu. Panya wa koo nyingine nyingi walibaki wazima, wakakimbia huku na huku kama kawaida.

Je, walilishwa chakula tofauti? La. Walilala mahali tofauti? La. Je, mmoja alirogwa na mwingine hakurogwa? Hapana, nani atamroga panya? Tofauti ilikuwa katika urithi wao.

Wewe unajua habari ya urithi. Katika uwanja wako labda una kuku asiye na manyoya shingoni. Akitotoa, baadhi ya vifaranga vyake huwa na shingo kama yake. Hakuna aliyewanyoa. Ndani ya mbegu ya baba na mbegu ya mama mna maagizo madogo sana, ya rangi, ya kimo, ya damu, ya kila kitu. Wataalamu huyaita jeni. Mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Mwaka wa 1981 wataalamu walikwisha kuonyesha mahali penyewe katika maagizo ya panya panapowatenga wanaougua kwa urahisi na wasiougua. Ni mahali panapotengeneza kitu tunachoweza kukiita sahani. Umemwona mwuza samaki sokoni anavyoweka samaki wake juu ya sahani, apitaye aone? Chembe za mwili hufanya vivyo hivyo. Huchukua kipande kidogo cha kitu, hukiweka juu ya sahani, na kuwaonyesha askari: "Tazameni, huyu ni mwenyeji au mgeni?" Sahani za koo mbalimbali hazina umbo moja. Sahani ya ukoo wa DBA/1 hushika vizuri kipande kimoja cha kolajeni. Askari wakikiona, wanakasirika. Sahani ya ukoo mwingine haikishiki, na askari hawaoni neno.

Na binadamu je? Mwaka wa 1978 Peter Stastny, huko Marekani, aliona kwamba wagonjwa wengi wa baridi yabisi wana sahani ya namna moja kuliko watu wazima. Mwaka wa 1987 Peter Gregersen na wenzake walieleza kwamba sahani za namna mbalimbali zinazowapata wagonjwa zina kipande kimoja kinachofanana. Basi panya na mtu walishuhudia jambo moja. Walakini sahani siyo yote. Baadaye zilionekana sehemu nyingine zaidi ya mia moja katika urithi wa binadamu, kila moja ikiongeza hatari kidogo tu. Tena sahani ile haionekani sana kwa watu weusi wa Afrika kama ionekanavyo Ulaya, na bado wako watu wetu wanaougua.

USIMLAUMU MAMA, WALA USIMLAUMU BABA

Mara nyingi watu husema, "Ni damu ya mama yake." Sikiliza habari ya panya wengine.

Mwaka wa 1996, katika mji wa Strasbourg huko Ufaransa, wataalamu waliwazalisha panya wa koo mbili. Ukoo mmoja ulikuwa umetiwa jeni moja na wataalamu wenyewe. Panya wa ukoo ule hawakuumwa viungo. Ukoo wa pili nao haukuumwa viungo. Lakini watoto wa baba na mama hao, wakiwa na umri wa wiki chache tu, walivimba miguu. Kila mzazi alitoa sehemu yake, na sehemu hizo mbili zilipokutana ndipo ugonjwa ukaonekana.

Umesikia? Wazazi walikuwa wazima. Basi mtu aweza kuchukua sehemu ya urithi huo bila kujua, na bila kuumwa maisha yake yote. Yule mzee aliyeitazama mikono ya mama, akaondoka, je, anajua alicho nacho yeye katika damu yake? Hajui. Wewe hujui. Mimi sijui. Hakuna ukoo ulio safi hata uweze kunyosha kidole kwa jirani.

MBEGU BILA UDONGO HAIOTI

Sasa tufike kwenye neno kubwa kuliko yote. Kurithi hatari siyo kurithi ugonjwa.

Mkulima wa Kasongo anajua neno hili. Mpunga ukikaa ghalani ni mbegu, haukuoti. Unataka udongo, unataka mvua, unataka wakati wake. Urithi ni mbegu. Mambo mengine ni udongo na mvua.

Panya walilionyesha hilo wazi. Huko Japani uko ukoo wa panya waitwao SKG. Mwaka wa 2003 Shimon Sakaguchi na wenzake walieleza kosa moja dogo katika jeni ya panya hao, linalowafanya askari wao wakosee. Panya hao wakikaa katika nyumba ya kawaida, viungo vyao huvimba. Lakini wakilelewa katika nyumba safi sana, isiyo na vijidudu vya ugonjwa, hawavimbi, ingawa wote wana kosa lile lile. Ukiwachoma vitu vitokavyo katika ukungu au hamira, ugonjwa huamka. Urithi ni ule ule. Udongo umebadilika.

Kuna tena panya wa ukoo wa Fischer. Hao, wakilelewa kwa kawaida, ile sindano ya Pearson huwasumbua kidogo tu. Lakini wakilelewa bila kijidudu hata kimoja, sindano ile ile huwaumiza sana. Kwa hao, vijidudu vya tumboni vilikuwa kama mlinzi. Basi vijidudu vingine huamsha ugonjwa na vingine huutuliza. Si jambo rahisi, na asikudanganye mtu kwamba ana jibu moja la kulimaliza.

Kwa binadamu tazama pacha wanaofanana kabisa, waliotoka katika mbegu moja. Maagizo yao ni yale yale. Kama urithi ungekuwa hukumu, mmoja akiugua, mwenzake angeugua daima. Lakini pacha wa namna hii walipohesabiwa huko Uingereza mwaka wa 1993, ilionekana kwamba mmoja akiwa na baridi yabisi, mwenzake aliugua mara 15 hivi katika 100. Mara 85 hakuugua. Na hao ni pacha. Binti hupata nusu tu ya urithi wa mama yake.

HABARI YA MALARIA NA YA KONGO

Katika mambo haya nchi yetu ya Kongo ina sehemu yake. Mwaka wa 1948, huko Katanga, Ignace Vincke na Marcel Lips walipata kijidudu cha malaria katika damu ya panya wa mwituni. Kilipewa jina la Plasmodium berghei. Hakimpati binadamu, lakini tangu hapo maabara za dunia nzima zikaweza kuchunguza malaria kwa panya.

Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1968, daktari Brian Greenwood aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya askari kupigana na mwili huonekana mara chache katika hospitali ya kule. Akafikiri: watu hawa wanaumwa malaria tangu utoto. Je, malaria imewashughulisha askari wao? Mwaka wa 1970 yeye na wenzake walijaribu kwa panya. Panya waliorithi ugonjwa wa namna hiyo, wakiambukizwa malaria ya panya, waliugua kidogo kuliko wenzao. Na panya waliotiwa ugonjwa wa viungo kwa ile sindano ya Pearson, malaria iliwapunguzia uvimbe.

Ngoja! Usitupe chandarua chako. Malaria inaua watoto wetu na kuwadhuru mama wajawazito. Hakuna mtu mwenye akili anayechoma nyumba ili kufukuza panya. Neno hili limeandikwa ili ujue jambo moja tu: mtu mmoja, mwenye urithi mmoja, aweza kuugua au kutougua kwa sababu ya mambo yanayompata katika maisha yake.

Wala usiseme, "Basi kwetu ugonjwa huu haupo." Upo. Mwaka wa 2012 madaktari wa Kinshasa walitangaza hesabu yao ya watu wa mji ule. Waliona wagonjwa wa baridi yabisi 6 hivi katika kila watu 1,000, na kwa watu wazima wa miaka 18 na zaidi, 9 katika 1,000. Ukihesabu watu wa kijiji kikubwa, utaona kwamba si mama mmoja tu.

TUWAJIBU SASA WAZEE WALE

Wazee wa upande wa kijana walisema, "Binti atakuwa kama mama." Tuwajibu hivi. Ni kweli kwamba binti wa mama mgonjwa ana hatari kuzidi binti wa jirani. Hatuifichi. Lakini watoto walio wengi wa mama wa namna hii hawataugua kamwe. Watalima, watatwanga, watazaa na kulea kama wengine. Kumkataa binti kwa sababu ya mikono ya mama yake ni kumhukumu kwa ugonjwa ambao hana, na yamkini hatakuwa nao.

Kwa habari ya kurogwa, panya wamekwisha kutujibu. Panya wa DBA/1 hawana maadui kijijini, hawakugombea shamba, hawakumwonea mtu wivu. Walivimba miguu kwa urithi na kwa sindano. Mama aliyepinda vidole hakumla mtu. Amepatwa na ugonjwa wenye jina, wenye sababu, na wenye dawa. Ukimfukuza katika nyumba yake, au kumnyima chakula, dhambi ni yako wewe.

MAMBO YALIYO KATIKA UWEZO WAKO

Urithi wako huwezi kuubadili. Lakini udongo waweza kuutunza.

Usivute tumbako. Imethibitishwa kwamba mvutaji aliyerithi sahani ile ya hatari huongeza hatari yake sana. Mwenye mzazi anayeugua na aiache kabisa.

Safisha meno na fizi kila siku. Ugonjwa wa fizi huandamana mara nyingi na baridi yabisi.

Njoo mapema. Hili ni neno la kushika kuliko yote. Kiungo kilichovimba chaweza kupona. Kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudi. Miezi ya kwanza ndiyo yenye faida. Kama viungo vya mikono vimevimba pande zote mbili kwa wiki sita, na asubuhi vinakakamaa, usingoje mavuno yaishe. Nenda kituo cha afya, waombe wakuandikie barua kwa daktari wa hospitali kubwa ya Kasongo au Kabambare. Binti mwenye mama mgonjwa asikae akiogopa, lakini akiona dalili hizi asikawie.

Usipeleke viungo vyako kwa mfumu achanje kwa wembe. Chale hazimfikii askari aliyekosea, na wembe mchafu huleta magonjwa mengine mabaya.

Usinunue sindano wala vidonge vya viungo sokoni. Wauzaji wengi huuza deksametazoni au prednisoloni. Ukimeza leo, kesho unatembea, unamsifu muuzaji. Lakini ukiendelea miezi mingi bila daktari, uso unavimba, mifupa inakuwa dhaifu, sukari ya damu inapanda, kifua kikuu kilicholala kinaamka. Na kama umekwisha kuvizoea, usiviache kwa ghafula, kwa maana hiyo nayo ni hatari. Mwambie daktari kweli yote, naye atavipunguza kidogo kidogo.

Dawa za kutuliza maumivu, kama ibuprofeni, hupunguza uchungu, lakini hazizuii kiungo kuliwa. Tena zikizidi huleta vidonda vya tumbo. Dawa ya kuwarudisha askari katika utaratibu ni nyingine. Iliyo kuu ni methotreksati. Ni ya zamani, na si ya bei kubwa kama dawa mpya. Shika neno hili: kwa ugonjwa huu humezwa mara moja tu kwa wiki, siku ile ile moja. Aliyeimeza kila siku kwa kukosea aweza kufa. Mwanamke mwenye mimba, au anayetaka kushika mimba, asiimeze kamwe, maana inaharibu mtoto tumboni. Anayeimeza apimwe damu kama daktari alivyosema, na aache pombe. Iko dawa nyingine, hidroksiklorokwini, ndugu ya ile klorokwini iliyotumika zamani kwa malaria. Hiyo nayo humezwa kwa amri ya daktari, na macho hupimwa.

Dawa mpya zaidi nazo zilipitia kwa panya. Mwaka wa 1991 wataalamu wa Ugiriki walieleza habari za panya waliotiwa jeni moja ya binadamu, ya kitu kiitwacho TNF, tarumbeta inayowaita askari vitani. Panya wale waliumwa viungo. Tarumbeta ilipozibwa, hawakuumwa. Mwaka 1992 huko London, Ravinder Maini na Marc Feldmann walianza kuwapa wagonjwa dawa ya kuziba tarumbeta ile, na wengi walipata nafuu kubwa. Dawa hizo ni za bei kubwa mno kwa watu wengi wa kwetu. Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Methotreksati ikianzwa mapema imewaokoa wengi.

Mwisho, usikae bila kujongea. Siku ya uvimbe mkali pumzisha kiungo. Siku ya nafuu kikunje na kukinyosha taratibu katika maji ya vuguvugu. Na ninyi wa nyumbani, msaidieni. Zungusheni kitambaa katika mpini wa kisu na wa mwiko uwe mnene, vidole vipate kushika. Mtoto wa kiume naye ana mikono, na aushike mchi. Hakuna sheria inayosema kwamba kinu ni cha mama peke yake.

Basi, ndugu msomaji, turudi kwenye mlango ule. Mama ameketi akingoja jua. Binti yuko karibu, anamfunga kitambaa. Mikono ya binti ni mizima, nayo yamkini itabaki mizima. Kama wewe ni mmoja wa wazee wale waliosema, "Tutarudi," njia ya nyumba yao unaijua. Na ukienda, mchukue mama, mfikishe kwa daktari, kabla kidole kingine hakijapinda.

MASWALI YA KUJIULIZA NYUMBANI

1. Baridi yabisi huletwa na baridi ya mto? Askari wa mwili wamekosea nini?

2. Panya wa ukoo mmoja walivimba, wa ukoo mwingine hawakuvimba, ingawa sindano ilikuwa moja. Jambo hilo linatufundisha nini?

3. Panya wa SKG waliokaa katika nyumba safi hawakuugua. Kwa nini twasema kwamba kurithi hatari siyo kurithi ugonjwa?

4. Ni dalili gani zinazokuambia, "Usingoje, nenda kwa daktari"?

5. Methotreksati humezwa mara ngapi kwa wiki? Nani asiimeze kamwe?

6. Katika kijiji chako yuko nani aliyeachwa peke yake kwa sababu ya mikono yake? Utamwendea lini?